Taa ya Pili na Mlinzi Aliye Macho

Ndugu msikilizaji, nilipokuwa kijana mdogo huko Pangani, mjomba wangu alinichukua usiku mmoja wa giza kwenda kuvua dagaa. Mashua yetu ilikuwa na karabai moja tu, ikivuma ubavuni na kumwaga mwanga mweupe juu ya maji. Usiku wa manane upepo ukageuka, wimbi likatupiga, kioo cha karabai kikapasuka na taa ikazimika. Sijapata kuona giza la namna ile. Mjomba hakusema kitu. Alipeleka mkono chini ya ubao, akatoa kurunzi ndogo iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaiwasha. Tukakusanya nyavu, tukarudi.

Baadaye nilimwuliza kwa nini hakutuonyesha ile kurunzi tangu mwanzo. Akanijibu: "Mjomba, taa ya kwanza ni ya kuvulia. Ya pili ni ya kurudia nyumbani."

Neno lile limenirudia wiki hii, maana nimekuwa nikifuatilia historia ya watu wanaozama majini na taa mikononi. Ni historia fupi, lakini ina mafunzo hata kwetu sisi tunaoishi mjini na hatujawahi kuzama popote.

Betri ya kwanza ilitengenezwa na Mtaliano Alessandro Volta mwaka 1800. Betri kavu, isiyomwagika, ilipatikana Ujerumani mwaka 1886, kazi ya Carl Gassner. Bila betri kavu kusingekuwa na kurunzi ya mkononi, nayo ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa karne ile. Kuipeleka taa ile chini ya maji lilikuwa jambo jingine. Maji ya chumvi hupenya penye mwanya mdogo kabisa, na yakiingia taa hufa.

Waliolipa gharama kubwa ya somo hili ni wazamiaji wa mapangoni huko Florida, Marekani. Jimbo lile lina chemchemi nyingi zenye mapango marefu yaliyojaa maji. Aliyezama baharini akipata shida huweza kupanda juu, lakini wa pangoni akitazama juu huona mwamba. Vijana wengi waliingia humo wakiwa na kurunzi moja, wasitoke tena. Mwaka 1979 mzamiaji mmoja mashuhuri, Sheck Exley, alitoa kijitabu kilichochambua vifo hivyo kimoja kimoja, kikaonyesha kanuni zilizovunjwa. Kanuni zile zilikuja kuwa tano: mafunzo, kamba ya kukuongoza nje, akiba ya hewa, mipaka ya kina, na taa. Kuhusu taa, kila mtu awe na tatu. Moja kubwa ya kazi na mbili ndogo za akiba. Ya kwanza ikizimika, safari imekwisha. Hizo mbili si za kuendelea kutalii, ni za kutokea. Mjomba wangu, ambaye hakujua Florida iko upande gani wa dunia, alikuwa na kanuni hiyohiyo.

Taa kubwa za enzi zile zilikuwa mzigo. Betri yake ilifungwa kiunoni kama mtungi, na balbu yake iligeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto badala ya mwanga. Kisha mwaka 1993 Mjapani Shuji Nakamura alitangaza taa ya LED ya rangi ya buluu yenye mwanga mkali, na kutokana na hiyo ikapatikana LED nyeupe. Mwaka 2014 yeye na wenzake wawili, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, walipewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo kurunzi inayotosha kiganjani ikaweza kushinda ule mtungi wa kiunoni.

Hata hivyo, kila jipya lina lake. Balbu ya zamani ilikuwa ikiaga kabla ya kufa. Betri ikichoka, mwanga uligeuka manjano, kisha mwekundu, nawe ukajua saa ya kurudi imefika. Taa nyingi za LED zina mtambo unaoshikilia mwanga uleule hadi mwisho, halafu giza likaja kwa ghafla. Kwa hiyo anayebadilisha taa yake ya zamani asidhani kwamba sasa hahitaji ya akiba. Pengine anaihitaji zaidi.

Jipya la pili ni betri yenyewe. Betri za lithiamu za kuchaji ziliingia sokoni mwaka 1991, zikitolewa na kampuni ya Sony. Ni nyepesi na zina nguvu nyingi. Lakini nguvu ile ikifunguka mahali pasipotakiwa, kwa betri kupondeka, kuchajiwa kupita kiasi au kutengenezwa ovyo, huwaka moto mkali wenye moshi wa sumu, na moto ule ukizimwa waweza kurudi. Ndiyo sababu mwaka 2016 shirika la kimataifa la usafiri wa anga lilipiga marufuku shehena za betri hizo ndani ya ndege za abiria.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Alfajiri ya tarehe 2 Septemba 2019, chombo cha wazamiaji kiitwacho Conception kilikuwa kimetia nanga karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California. Abiria 33 na baharia mmoja walikuwa wamelala chumba cha chini. Ukumbi wa juu yao, ambamo vyombo vya umeme na betri zilikuwa zikichajiwa, ukashika moto. Njia zote mbili za kutokea chumbani zilielekea ukumbi uleule. Watu wote 34 walikufa.

Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kilichowasha moto, maana chombo kiliungua na kuzama. Walitaja betri zilizoachwa kwenye chaja bila mwangalizi, nyaya za umeme, na hata vipande vya sigara. Lakini jambo moja walilisema waziwazi: sheria ilitaka mlinzi anayezunguka usiku kucha, na mlinzi hakuwapo. Moto ulipata muda wa kukua bila kuonwa na mtu. Mwaka 2023 nahodha alipatikana na hatia, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Kanuni mpya za Marekani za mwaka 2021 zilidai vifaa vya kugundua moshi, njia bora za kutokea, na hata kifaa cha kuhakikisha kwamba mlinzi hajasinzia.

Msikilizaji, utasema hayo ni ya California. Juzi usiku niliingia chumbani kwa mjukuu wangu kuzima taa. Simu yake ilikuwa chini ya mto, inachajiwa, na nilipoigusa ilikuwa ya moto kama chapati itokayo jikoni. Chumba kina mlango mmoja na dirisha lenye nondo. Nilichomoa waya, nikakaa kitandani pake kwa muda, nikiwafikiria wale 34.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Betri iliyovimba usiichaji, itoe nyumbani. Chaja yoyote isifanye kazi juu ya godoro, wala karibu na mlango ambao ndiyo njia yenu ya pekee. Chaji wakati mna mtu aliye macho. Na weka kurunzi ya akiba mahali ambapo mkono utaifikia gizani, uijaribu kila mwezi, kama mjomba wangu alivyofanya bila kumwambia mtu.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.