Kabla ya AutoCAD: pembesita moja ya mwaka 1963

Kama umesoma ufundi, uhandisi au usanifu wa majengo, huenda somo lako la kwanza la kuchora kwa kompyuta lilikwenda hivi: chora mstari, chora duara, chora pembenne. Unabofya mwanzo, unabofya mwisho, umemaliza. Ukitoka darasani unaamini kwamba kompyuta ni karatasi ya bei ghali na kipanya ni penseli isiyohitaji kuchongwa. Mtu aliyeianzisha kazi hii hakuifikiria hivyo hata kidogo. Na wazo lake limechukua zaidi ya miaka 40 kufika kwenye meza za wengi wetu.

Twende Marekani, jimbo la Massachusetts, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwenye Maabara ya Lincoln, iliyo chini ya chuo cha MIT, kulikuwa na kompyuta iitwayo TX-2. Ilianza kazi mwaka 1958, na hapakuwa na nyingine kama hiyo popote. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa takribani kilobaiti 290. Picha moja tu uliyopiga kwa simu yako leo, uwezekano mkubwa isingeingia humo.

Siku hizo, mtumiaji wa kawaida wa kompyuta alikabidhi kadi zake zilizotobolewa, akaenda zake, akarudi baadaye kuchukua majibu. TX-2 ilikuwa tofauti. Mtu mmoja alikaa mbele yake, akawa na skrini na kalamu ya mwanga.

Jina la kalamu hiyo lisikuchanganye, maana haikutoa mwanga, ilipokea. Kompyuta iliwasha nukta moja moja kwenye skrini, kwa kasi sana. Kalamu ikiona nukta imewaka, inatuma ishara. Sasa, kwa kuwa kompyuta inajua ni nukta ipi imeiwasha wakati huo huo, basi inajua kalamu imeelekezwa wapi. Na penye giza je? Programu iliweka msalaba mdogo wa nukta uliokuwa ukiifuata kalamu kila inapokwenda. Teknolojia hii ilikuwa na ndugu zake jeshini, kwenye mitambo ya ulinzi wa anga, ambako waendeshaji walielekeza kifaa cha aina hiyo kwenye alama za ndege zilizoonekana kwenye skrini.

Mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Ivan Sutherland ndiye aliyeigeuza mashine hiyo kuwa meza ya kuchorea. Programu yake aliita Sketchpad, na tasnifu yake ni ya Januari 1963, akiwa hajafikisha miaka 25. Maumbo yake ya msingi yalikuwa machache mno: nukta, mstari, na duara au kipande cha duara. Ukitazama haraka unaweza kusema hata mtoto wa shule ya msingi ana zaidi ya hayo kwenye mkebe wake.

Lakini hebu angalia alivyochora pembesita yenye pande sawa. Wewe na mimi tungechukua bikari na rula, tukapima kwa uangalifu. Sutherland alichora umbo la pande sita lililopinda vibaya, halafu akachora duara. Kisha akaiambia kompyuta mambo mawili: kila kona ya umbo hili ikae juu ya duara, na pande zote ziwe na urefu sawa. Umbo likajivuta na kujinyoosha lenyewe mpaka likawa pembesita kamili.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Mkono ulitoa makadirio tu. Usahihi ulitoka kwenye masharti, na kompyuta iliendelea kuyakumbuka baada ya kalamu kuondoka.

Tufanye hesabu kidogo, haitauma. Kila kona inaweza kusogea kwa namna mbili, kulia na kushoto, juu na chini. Kona sita zina namna 12. Duara lina tatu: kitovu chake kina mbili, na ukubwa wake ni moja. Jumla 15. Sasa weka masharti. Kona sita juu ya duara, umeondoa 6. Pande sita ziwe sawa, umeondoa 5, kwa sababu upande wa kwanza ndio kipimo na matano yanayobaki yanaufuata. Zimebaki 4. Ni zipi? Kuhamisha umbo kulia au kushoto, kulihamisha juu au chini, kulikuza au kulipunguza, na kulizungusha. Yaani kila kinachoweza kubadilika huku umbo likibaki pembesita sawa, na hakuna kingine.

Faida yake ilionekana mara moja. Sutherland alinakili pembesita hiyo mpaka zikafika 900, zimeungana kama sega la nyuki. Kazi ilimchukua chini ya nusu saa, pamoja na muda wa kufikiria afanyeje. Wachoraji wa mkono wa idara ya uchoraji walikadiria siku mbili. Tena, nakala zote zilimfuata mama yao: ukibadilisha umbo la kwanza, mengine yote yanabadilika.

Kwa nini basi wazo zuri hivi halikusambaa haraka? Sababu ya kwanza ni kwamba programu iliandikwa kwa mashine iliyokuwa moja tu. Ya pili ni kwamba masharti yana gharama: ukigusa kona moja, kompyuta lazima itafute upya mahali pa nyingine zote. AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, ililenga kompyuta ndogo ambazo hata ofisi ya watu wawili ingeweza kununua. Kwa kompyuta hizo, kutunza mstari kama nukta mbili tu za mwisho ulikuwa uamuzi wa busara. Programu za masharti zilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980 na Pro/ENGINEER, ila zilikuwa za viwanda vyenye fedha. AutoCAD yenyewe ilipata masharti ya aina hiyo kwenye toleo la 2010, lililotoka mwaka 2009.

Kwa hiyo vizazi vya mafundi vilijifunza kompyuta kama karatasi. Hasara yake si ndogo. Mchoro wa aina hiyo unaonyesha mlango uko wapi, ila hausemi kwamba lazima uwe katikati ya ukuta. Ukirefusha ukuta, mlango unabaki pale pale, na ukisahau kuuhamisha, atakayegundua ni fundi aliye saiti. Au mistari miwili inaonekana imegusana, kumbe ina mwanya mwembamba kuliko unywele. Jicho limeridhika, lakini mashine ya kukata chuma inafuata namba, haifuati jicho.

Jaribu mwenyewe wiki hii. FreeCAD ni programu ya bure. Fungua sehemu yake ya michoro, chora umbo la pande sita ovyo kabisa, weka duara, kisha toa masharti ya Sutherland. Programu itakuambia zimebaki namna ngapi za kusogea, na ukihesabu vizuri utakuta ni 4. Funga kitovu cha duara, toa kipimo cha ukubwa, lala upande mmoja sawasawa. Zikifika sifuri, kwa mpangilio wa kawaida wa programu, mchoro wote unageuka kijani.

Ukigoma kugeuka, usikimbilie kuufuta. Jiulize: kuna jambo gani nalijua kuhusu umbo hili ambalo bado sijaiambia kompyuta?