NEEMA KANDO YA NJIA YA MISAFARA

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kitovu cha misafara iliyosafiri kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, waliobeba mizigo kwa ujira. Hata hivyo, katika njia hiyo hiyo walipitishwa mateka, na sehemu ya mali iliyotokana na pembe za ndovu ilitumika kununua watumwa wa kulima mashamba wakati wenye nyumba wakiwa safarini. Mtumwa aliishi kijijini, lakini hakuwa na ukoo wa kumtetea.

Serikali ya Kijerumani haikuufuta utumwa. Amri ya mwaka 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa kulipa fidia. Amri ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto wa watumwa ambao wangezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905. Utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Miaka hiyo ndiyo ambayo ndugu zetu Wamoravian, waliokabidhiwa Urambo na London Missionary Society mwaka 1898, walifungua vituo kusini mwa Tabora: Kitunda, Sikonge na Ipole. Kanisa lao lilianza umisionari kwa ajili ya watumwa. Mwaka 1731, huko Copenhagen, Nikolaus von Zinzendorf, aliyelelewa katika Ulutheri, alikutana na Anton, Mwafrika kutoka kisiwa cha St. Thomas, aliyemweleza mateso ya watu wake. Mwaka 1732 Leonhard Dober na David Nitschmann walitumwa huko. Lakini historia haina budi kusemwa yote: baadaye misheni hiyo yenyewe ilimiliki watumwa kisiwani. Kuihubiri neema ni jambo moja. Kuitii ni jambo jingine.

Neno fidia, basi, lilikuwa na uzito wa pekee Unyamwezi. Kwa sheria ya mwaka 1901, aliyekuwa na fedha alijinunua, na asiyekuwa nazo alibaki mtumwa. Injili ilitangaza fidia iliyokwisha kulipwa na mwingine, kwa ajili ya wasio na kitu. Hilo ndilo fundisho ambalo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 liliweka katikati ya imani yetu: mwanadamu hukubaliwa na Mungu bure, kwa ajili ya Kristo. Paulo alipomwandikia Filemoni, alimwomba ampokee Onesimo kama ndugu, wala si kama mtumwa tena. Sheria humwachia mtu huru. Undugu humpa ukoo.

Usharika unaposherehekea miaka 100, minyororo ya misafara haipo tena. Wapo bado wasio na wa kuwatetea: wazee wanaosingiziwa uchawi, watu wenye ualbino, waliopona ukoma lakini wakabaki wakitengwa. Shukrani ya kweli ya jubilei hii itaonekana pale watakapopewa nafasi mezani pa Bwana, na pia katika nyumba zetu.