Apolo Kivebulaya, mtume aliyevuka Semliki

Kila tarehe 30 Mei, Kanisa la Uganda humkumbuka Kasisi Apolo Kivebulaya, aliyefariki siku hiyo mwaka 1933 huko Mboga, ng'ambo ya mto Semliki. Kwetu Kasese, kuanzia Bulembia hadi Bwera mpakani, siku hii inatuhusu sana. Injili ilifika pande hizi za Rwenzori kwa miguu ya walimu Waafrika, na Apolo ndiye anayejulikana zaidi kati yao.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, pacha aliyeitwa Waswa. Alipitia Uislamu na vita vya dini vilivyoitikisa Buganda, kisha akabatizwa Januari 1895 kwa jina la Apolo, yule mwalimu wa Aleksandria anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Mwaka huohuo alitumwa Toro kwa Omukama Kasagama, na mwaka 1896 akavuka Semliki kwenda Mboga.

Walimu wawili Waganda waliomtangulia huko walishindwa na njaa, kwa kuwa Chifu Tabaro aliwanyima chakula. Apolo akashika jembe, akalima chakula chake. Dada ya Tabaro alipoangukia mkuki akafa, lawama zilimwangukia Apolo. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa gerezani Toro. Baadaye alisimulia kwamba katika dhiki za miaka ile alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo. Alipoachiliwa alirudi Mboga, na Tabaro mwenyewe hatimaye akabatizwa. Wengi wetu husamehe tukiwa mbali. Apolo alisamehe kwa kwenda kuishi na waliompiga.

Alipata ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Wakoloni walipochora mpaka, Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji, naye akamalizia maisha yake hukohuko. Tangu 1921 aliingia msitu wa Ituri kuwafundisha Wambuti, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha yao. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume cha desturi, kwa sababu kazi ilikuwa bado mbele, Kongo. Mwaka 1972 Mboga, inayoitwa pia Boga, ikawa dayosisi.

Walimu wengine walipanda vilima vyetu vivyo hivyo, wala majina yao hayamo vitabuni. Makanisa ya Bulembia na Bwera yawaulize wazee leo, yayaandike majina hayo, na watoto wafundishwe kwamba mitume walitembea katika njia hizi wanazopita kwenda shule.