Kujua Kuogelea Hakutoshi: Nasaha kwa Wanetu Walio Nchi za Barafu

Mpwa wangu aliyeko Minneapolis, Marekani, alinitumia video majira ya baridi yaliyopita. Alikuwa katikati ya ziwa lililoganda, akicheka: "Mjomba, natembea juu ya maji!" Dada yangu hakuona tatizo. "Huyo kakulia baharini, anajua kuogelea," akaniambia.

Hapo ndipo tunapokosea. Bahari yetu Mombasa huwa na nyuzijoto 25 hadi 29. Maji yaliyo chini ya barafu yanakaribia sifuri, na hayamuui mtu kwa kuwa hajui kuogelea. Kwanza humnyang'anya pumzi, kisha mikono.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, amefundisha kanuni nyepesi: moja, kumi, moja. Dakika 1 ya kwanza utahema bila kujizuia. Usipapatike, weka kichwa juu ya maji mpaka pumzi itulie. Kisha una kama dakika 10 ambazo viungo bado vinakutii. Baada ya hapo, huchukua kama saa 1 kabla ya kuzirai kwa baridi, mradi usizame. Ndiyo maana jaketi la kuokolea maisha lina faida kubwa.

Kabla ya kukanyaga. Barafu mpya iliyo ngumu na angavu iwe na unene wa sentimita 10 au zaidi kwa mtu anayetembea. Barafu nyeupe ni dhaifu, yataka unene maradufu. Jiepushe na sehemu zenye mkondo, chini ya madaraja na penye mito inayoingia ziwani. Theluji juu yake isikuhadae, kwani hufunika nyufa. Usiende peke yako, na jua kwamba hakuna barafu ya kuaminika moja kwa moja.

Ukitumbukia. Geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ilikubeba. Tandaza mikono juu yake, piga miguu kama anayeogelea, ujivute kwa tumbo. Ukishatoka usisimame; bingirika hadi mahali pagumu.

Ukimwona mwenzako ametumbukia. Usimkimbilie, mtakuwa wawili. Piga simu ya dharura (911 kwa Marekani na Canada, 999 kwa Uingereza), kisha mrushie kamba, tawi au hata skafu ndefu ukiwa umelala kifudifudi. Akitoka, mvue nguo mbichi, mfunike blanketi, usimsugue mikono wala miguu, na usimtie kwenye maji ya moto. Mpeleke hospitali hata akisema yu salama.

Nasi wazazi tulio huku tuna sehemu yetu. Tunapopiga simu huuliza kazi, masomo na swala. Tuwaulize na hili la barafu. Mpwa wangu nilimwuliza unene wa barafu aliyosimama juu yake. Hakuwa na jibu. Tahadhari kabla ya athari.