Dawa ya kifua iliyoamsha wagonjwa

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, waganga walikuwa wanajaribu iproniazidi kwa kifua kikuu. Kumbe wagonjwa wakaanza kuchangamka kuliko kawaida! Mwaka uleule Ernst Zeller akaonyesha kwamba dawa hii inazuia enzimu inayovunja serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo seli za ubongo zinatumia kupelekeana ujumbe. Marekani waliiondoa baadaye, juu iliharibu maini. Wazo likabaki: huzuni kali ni upungufu wa kemikali. Mimi naona hapo njo waliruka hatua. Kemikali zinapanda haraka, lakini mgonjwa anangoja wiki mbili, tatu mbele ya kupata nafuu. Wiki hizo zote seli zinafanya nini? Mpaka leo wataalamu wanabishana.