Almasi ya Bibi Harusi na Maji ya Kishapu

Msimu wa harusi ukiingia, sisi wa visiwani mazungumzo yetu ni dhahabu, hina na udi. Leo tunawavusha hadi bara, Kishapu mkoani Shinyanga. Habari yetu ni ya bibi harusi vilevile, ila ndani yake mna somo la meno na mifupa.

Mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 likapatikana hapo jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5. Akamtunza nalo Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huohuo. Lilipochongwa lilibaki na karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya pini ya kifuani yenye umbo la ua.

Je, mabinti wa Kishapu walipata nini katika ardhi hiyo? Wao walichota maji ya visima. Shinyanga, kama Arusha, Manyara na Singida, ina sehemu ambazo maji ya chini ya ardhi yana floraidi nyingi, inayoyeyuka kutoka kwenye miamba. Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, mtoto anayeinywa wakati meno yake ya utu uzima bado yanajijenga ndani ya ufizi huota meno yenye madoa, ya njano hadi kahawia. Mtu akiinywa nyingi kwa miaka mingi, hujikusanya mifupani: viungo hukakamaa, mgongo huuma na kuwa mgumu kuinama, na mifupa huonekana minene lakini huvunjika kirahisi. Lishe yenye upungufu wa kalsiamu huzidisha madhara.

Serikali ilijua tatizo hili zamani. Mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Lakini maji yenyewe yalikuwa haba, na kufunga kila kisima chenye floraidi kungewaacha watu na kiu. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na hatimaye 1.5.

Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga, kutoka Ihelele mkoani Mwanza. Maji ya ziwa yana floraidi kidogo sana, kwa hiyo kila bomba linalofika kijijini huokoa meno ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Huko Ngurdoto, Arusha, wataalamu wamekuwa wakichuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwani mfupa hunasa floraidi. Mfupa wa mnyama unamkinga binadamu, subhanallah!

Dada zetu, tubaki na haya. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi iliyobaki huwa kali zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni salama kwa upande huu, na bibi zetu walijua thamani ya birika. Magadi tunayotia kwenye maharage nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi, hivyo tusimzoeshe mtoto. Maziwa na dagaa vyenye kalsiamu visikosekane mezani.

La mwisho ni kwa mashangazi na washenga. Mkienda kuposa mkamkuta binti anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, msiseme hapigi mswaki. Madoa yale ni historia ya kisima alichonyweshwa utotoni, wala hakukichagua yeye. Heshima yake ni ileile ya aliyevishwa almasi.

Mwenyezi Mungu awaruzuku wenzetu wa Kishapu maji yaliyo safi, na awape maharusi wetu afya ya mwili na mifupa. Amin.