Ubingwa wa Kuokota? SoNy Sugar katika Kumbukumbu ya Soka ya Migori na Homa Bay

Mabishano ya soka Migori na Homa Bay huzunguka mada tatu: Gor Mahia imsajili nani dirisha likifunguliwa, nani alikuwa bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya kijani, na msimu huu utaishaje. Awendo, mji wa kiwanda cha sukari, ikitajwa, hutajwa kwa sentensi moja tu, kwamba timu ya kiwanda hicho, SoNy Sugar, ilichukua ligi mwaka wa 2006, ila ule ulikuwa ubingwa wa kuokota kwa sababu Gor ilikuwa imelala. Sentensi hiyo imerudiwa na wazee na vijana hadi imekaa kama historia. Makala haya yanaikataa, na ushahidi wake hautoki kwenye nyaraka za siri. Unatoka kwenye chanzo ambacho kila shabiki anakijua na ambacho ni wachache wanaokisoma kutoka juu hadi chini, yaani orodha ya mabingwa wa ligi ya Kenya. Mashabiki wengi huisoma orodha hiyo kwa kuruka: wanatua kwenye miaka ya Gor, kisha wanaivuka mingine yote kana kwamba haikuwa na watu.

Historia ya Gor yenyewe haihitaji maneno mengi hapa. Luo Union ilitwaa ligi mwaka wa 1964. Februari 1968 iliungana na Luo Stars, na klabu mpya ikapewa jina la Gor wa Kanyamwa, mganga na kiongozi mashuhuri wa sehemu ambazo leo ziko Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Mwanasiasa Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, hutajwa sana miongoni mwa walezi wake wa mwanzo. Klabu ilichukua ligi mwaka huo huo, ikamaliza msimu wa 1976 bila kufungwa, ikafika fainali ya Kombe la Washindi barani mwaka wa 1979 na kuchapwa na Canon Yaoundé ya Kameruni. Mwaka wa 1987, chini ya nahodha Austin Oduor, ilitoka sare 2-2 na Espérance huko Tunis na 1-1 jijini Nairobi, ikatwaa kombe hilo kwa faida ya mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kushinda kombe la bara. Kwa hiyo Kusini mwa Nyanza ilitoa jina, ikatoa mlezi na ikatoa umati, lakini ofisi, uwanja na maamuzi yalikuwa Nairobi tangu siku ya kwanza.

Kwa nini watu walioishi mamia ya kilomita kutoka Nairobi waliipenda klabu hiyo kuliko timu yoyote iliyokuwa jirani yao? Swali hili linastahili subira, kwa sababu jibu la harakaharaka kwamba ni ukabila tu halielezi kitu. Mboya aliuawa Julai 1969. Oktoba mwaka huo chama cha KPU kilipigwa marufuku na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akatiwa kizuizini. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mkutano wa hadhara uliotaka kusema lolote zito ulihitaji kibali ambacho hakikutoka, ilhali mechi ya Jumapili haikuhitaji kibali. Mwaka wa 1980 serikali ya Rais Moi iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe na klabu ziache majina ya makabila: Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Luo Union, iliyokuwa imefufuka na kushinda ligi ya 1975, ikawa Re-Union. Luo Union yenyewe kama chama cha ustawi ilizimwa. Gor ikabaki kuwa mahali pekee ambapo maelfu wangeweza kukusanyika, kuimba kwa lugha yao na kushinda kitu mbele ya taifa zima. Mtu wa Karungu au Kendu Bay aliyesikiliza mechi redioni alikuwa akifuatilia habari za soka na habari za heshima yake kwa wakati mmoja. Anayewacheka mashabiki hao kwa kupenda timu ya mbali hajaelewa walichonyimwa karibu.

Lakini kuelewa chanzo cha mapenzi si sawa na kukubali kila hukumu inayotokana nayo. Tukirudi kwenye orodha, Gor ilishinda ligi ya 1995, kisha ikakaa hadi 2013 kabla ya kushinda tena. Katikati kuna misimu 17. Kenya Breweries, ambayo baadaye ilijiita Tusker, ilishinda sita kati ya hiyo. Ulinzi, timu ya jeshi, ilishinda minne, mitatu kati yake ikiwa mfululizo kuanzia 2003 hadi 2005. Oserian ya Naivasha ilichukua miwili, 2001 na 2002. Utalii, AFC Leopards, Mathare United na Sofapaka kila moja ilichukua mmoja, na SoNy mmoja. Kama kulala kwa Gor ndiko kulikoleta ubingwa wa Awendo, basi kulileta pia ubingwa wa Ruaraka, makao ya Tusker, wa kambi za jeshi na wa mashamba ya maua ya Naivasha. Hata hivyo hakuna anayesema Ulinzi iliokota mataji yake, wala Mathare haikuambiwa mwaka wa 2008 kwamba imebahatisha. Neno la kuokota limetengewa timu moja tu, na wanaolitumia zaidi ni majirani zake. Kuna jambo jingine ambalo orodha inasema waziwazi. Katika misimu hiyo yote 17, SoNy ndiyo bingwa pekee mwenye makao magharibi ya Bonde la Ufa. Na katika familia nzima ya timu za viwanda vya sukari, ikiwemo Mumias, Chemelil, Nzoia na Muhoroni, ni hiyo peke yake iliyowahi kutwaa ligi kuu.

Wapo watakaosema kwamba ligi ya wakati huo ilikuwa vurugu tupu, kwa hiyo taji lake halina uzito. Ni kweli soka la Kenya lilikuwa na matatizo. Viongozi wa shirikisho walipelekana mahakamani, na FIFA iliisimamisha Kenya mwaka wa 2004 na tena mwishoni mwa 2006. Ila vurugu hiyo haikuichagua Gor peke yake. Iliziumiza klabu zote, na zaidi zile zilizotegemea viingilio vya mlangoni na michango ya wapenzi. Klabu za kampuni zilisimama imara zaidi kwa sababu isiyo na uchawi: mchezaji alikuwa na mahali pa kulala, basi la kusafiria na mshahara mwisho wa mwezi. Kusema kwamba SoNy ilifaidika na vurugu ni kusema kwamba iliendeshwa vizuri wakati wengine waliendeshwa vibaya. Hiyo ni sifa, na mashabiki wa Gor wanaijua vizuri, kwa maana ndiyo waliyoililia klabu yao kwa miaka 18.

Pingamizi la pili ni zito kidogo. Linasema SoNy haikuwa timu ya watu bali timu ya kampuni, kwamba ilikuwa na mwajiri lakini haikuwa na wenyewe. Hapa ramani inasaidia. South Nyanza Sugar ilianza kusaga miwa Awendo mwaka wa 1979, na eneo lake la miwa lilivuka mipaka ya tarafa na makabila: Awendo, Rongo na Uriri, Kuria, sehemu za Gucha na Trans Mara, na Ndhiwa. Tuiangalie Ndhiwa kwa makini. Ardhi ile ile ya Kanyamwa iliyoipa klabu ya Nairobi jina lake ilikuwa ikipeleka miwa Awendo, na fedha za miwa hiyo ndizo zilizolipa kikosi cha 2006. Mkulima wa huko alikuwa na haki ya kuidai SoNy kwa jasho kuliko alivyokuwa nayo ya kuidai Gor kwa ukoo. Zaidi ya hayo, Migori si kaunti ya Wajaluo peke yao. Kuna Wakuria, Wasuba, Waluhya na wengine waliokuja na biashara ya mpakani Isebania au na kazi ya kiwanda. Mkuria wa Kehancha hana anachoambiwa na jina la Gor, lakini jina la kiwanda lilikuwa wazi kwake kama lilivyokuwa kwa mwingine yeyote. Timu isiyo na kabila ndiyo iliyoshinda ligi, kisha ikahukumiwa kuwa haina watu.

Namna wachezaji wanavyokumbukwa inaonyesha hukumu hiyo ilivyofanya kazi. Kikosi cha 1987 kinasimuliwa kwa majina na lakabu. Mabao ya Peter Dawo yanaelezwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa, na ubishi wa kama yeye ni mkubwa kuliko William Ouma wa miaka ya sabini hauna dalili ya kwisha. Ukoo wa Origi, wa Austin Oduor na ndugu yake Mike Okoth, umefikia kizazi cha pili kwa Divock, aliyefunga bao katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2019 akiwa na Liverpool. Kwa mashabiki wa Kusini mwa Nyanza hiyo ni hoja ya kutosha kumaliza ubishi wowote. Mabingwa wa 2006 hawana simulizi ya aina hiyo. Wanatajwa kwa jumla, kama wafanyakazi wa zamu moja, ingawa medali yao ya ligi haina tofauti na ya Dawo. Urithi wa mchezaji hautengenezwi na miguu yake peke yake. Unatengenezwa na watu wanaokubali kubishana juu yake, na wa Awendo hawakupata watu hao.

Mada ya usajili nayo inasomeka tofauti ukiiangalia kutoka hapa. Mafanikio ya Gor tangu 2013 yalijengwa kwa kiasi kikubwa na wageni: Dan Sserunkuma, Godfrey Walusimbi na Khalid Aucho kutoka Uganda, kisha Meddie Kagere na Jacques Tuyisenge waliokuwa wakiichezea Rwanda. Tuyisenge ndiye aliyewafunga Everton pale Dar es Salaam Julai 2017, Gor ilipopoteza 2-1. Mwaka wa 2018 Kagere alihamia Simba akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania misimu miwili mfululizo, na mashabiki wanabishana hadi leo kama klabu ilimwachia mapema mno. Ni ubishi halali, na maarifa yake ni ya kuheshimiwa: mtu asiyewahi kukanyaga ofisi za klabu atakueleza upungufu wa beki ya kushoto kuliko baadhi ya makocha. Ila ni ubishi wa mnunuzi. Unauliza nani aletwe, mara chache unauliza nani alelewe. Oyugis kuna Agoro Sare, Migori kuna Kanga na Rapogi, na michezo ya shule za sekondari hutoa vijana kila muhula. Kijana akitoka hapo bila klabu ya ligi kuu karibu, hatua yake ya kwanza ni nauli ya kwenda Nairobi na jamaa wa kumhifadhi. Wasio na jamaa hubaki nyumbani. SoNy ilikuwa hatua hiyo ya kwanza, na ilikuwa umbali wa matatu moja.

Litaulizwa basi: kama ilikuwa na thamani hiyo, mbona haikudumu? Jibu lipo kwenye vitabu vya hesabu kabla ya kuwa uwanjani. Kiwanda kiliingia kwenye madeni na uhaba wa miwa kama vilivyoingia viwanda vingine vya serikali. Mwaka wa 2019 leseni ya kampuni ya kamari ya SportPesa ikasitishwa, kampuni ikaondoa ufadhili wake wa ligi, na klabu zisizo na akiba zikabaki zikihangaika. Msimu wa 2019/20 SoNy ilishindwa kufika kwenye mechi tatu, na kanuni zikaiondoa katika ligi kuu. Oserian na Utalii zilikuwa zimeshatangulia kutoweka, kila moja baada ya mwajiri wake kuamua kwamba soka si kazi yake. Kwa hiyo wanaotilia shaka klabu za kampuni wana hoja moja ambayo lazima ikubaliwe: timu yenye mwajiri mmoja hufa siku mwajiri anapochoka. Gor nayo imewahi kukosa mishahara, imewahi kusafiri kwa kuungaunga, lakini haikufa kwa sababu watu wake walikataa ife. Tofauti kati ya klabu hizi mbili haikuwa ubora wa soka. Ilikuwa idadi ya watu ambao wangeona aibu klabu ikifa.

Kutokana na hilo, lawama haiwezi kubaki kwa mameneja wa sukari pekee. Ushabiki ni nguvu halisi ya kiuchumi, na Kusini mwa Nyanza iliisafirisha nguvu hiyo yote Nairobi kwa miaka hamsini, kwa sababu za kisiasa zilizokuwa na maana 1969 na 1980 lakini ambazo haziwezi kuachwa ziamue kila kitu baada ya 2013, kaunti zilipopata bajeti na sauti zao. Viwanja vinaboreshwa. Ule wa Raila Odinga mjini Homa Bay ndio uliopokea sherehe za Madaraka kitaifa tarehe 1 Juni 2025. Lakini zege halileti pointi. Hakuna anayewataka watu wa Ndhiwa au Rongo waiache Gor, na wala hawataiacha. Kinachotakiwa ni kaunti hizi mbili kuwa pia na klabu moja ambayo anguko lake lingewauma watu wa Luo, wa Kuria na wa Suba kiasi cha kuchanga, kabla ya yote, nauli ya mechi tatu.